Alama ya Mkono Mlangoni

Nilifika Songea jioni ya siku ya pili, miguu imevimba, nikiwa na begi moja na bunduki ya kupulizia rangi niliyoifunga ndani ya taulo. Tulitoka Moshi alfajiri, tukalala Iringa, Makambako nikabadilisha basi, na kutoka Njombe kwenda kusini barabara ikawa inapanda na kushuka mpaka mama aliyekaa jirani yangu akaanza kunihoji ili asilale.

"Una ndugu Songea?"

"Sina."

"Umehamishiwa kazi?"

"Hapana, mama."

"Sasa unafuata nini huko?"

"Gari."

"Maskini. Limeibiwa?"

Nikamweleza kwamba halijaibiwa, wala si langu. Dereva mmoja wa lori alinionyesha picha kule Moshi: gari la michezo la zamani, milango miwili, boneti refu, rangi ya maziwa na mstari wa kahawia ubavuni. Akasema lipo Songea, linatembea, mwenyewe analiendesha kwenda kanisani. Gari kama hilo nililiona mara moja tu maishani, nikiwa mtoto Singida, likipita barabarani kama mtu anayewahi. Mama yule alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akageukia dirishani na hakunisemesha tena hadi stendi.

Nawaandikia haya kwa sababu wiki iliyopita, kwenye lile kundi la simu la mafundi rangi mliloniingiza, mlibishana siku tatu juu ya picha mbili. Moja ni ya gari hilohilo la zamani. Nyingine ni ya toleo jipya ambalo kiwanda kimeunda machache tu, kuadhimisha miaka hamsini tangu lile la kwanza litoke. Mnauliza lipi bora. Mmoja wenu akaandika, "Muulizeni mzee." Nina miaka arobaini na saba, lakini nadhani mzee aliyekusudiwa ni mimi. Kazi niliiacha kwa sababu ya kifua. Miaka mingi nilipulizia rangi bila barakoa, nikijifunga kitambaa mdomoni kama mwizi wa kuku. Nyie vaeni barakoa. Hilo ndilo la maana kuliko yote nitakayoandika hapa, na najua ndilo mtakaloruka.

Haya magari mawili nimeyagusa yote, kwenye gereji moja. Kwa hiyo nitajibu, ila jibu lenyewe halikai kwenye mistari miwili.

Gereji ilikuwa ya Fundi Haule, mtu mfupi mwenye sauti ya kengele. Siku ya kwanza aliniuliza jina, nikamtajia, akasema, "Refu hilo. Wewe ni Singida." Nikawa Singida miaka sita. Nilijiona najua rangi. Mwezi Julai ulipoingia nikagundua kwamba nilijua rangi ya Moshi. Songea mwezi wa saba ni baridi ya kukunja vidole, na rangi ikipulizwa kwenye bodi baridi haikauki, inateremka kama machozi. Nilimharibia mtu mlango mzima. Haule hakunigombeza. Aliweka sufuria ya maji jikoni kwa mama ntilie wa jirani, yakapata moto, akayaepua, ndipo akasimamisha kopo la rangi ndani ya yale maji, mbali na jiko. "Mpashe moto kidogo," alisema, "hata wewe usingetoka kitandani." Na kwa vumbi jekundu la kule alinifundisha kumwagia sakafu maji kabla ya kupuliza, na kuvaa soksi mkononi ninapopapasa bodi, maana kiganja kilichovaa soksi husikia bonde ambalo jicho halilioni. Siku hizi mna mashine za kuchanganya rangi na kupima unene wake. Sawa. Lakini bebeni soksi.

Gari lenyewe nililiona Jumapili ya kwanza. Lilisimama nje ya kanisa, kati ya pikipiki na magari meupe yanayofanana, na humo akashuka mzee mrefu, koti la suti, viatu vimepigwa kiwi. Aliitwa Mzee Odilo. Enzi zake alikuwa mpima barabara, na gari aliachiwa na mkandarasi wa kigeni aliyekuwa akirudi kwao.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Unalitaka?"

"Hapana, mzee. Naliangalia tu."

"Wote huanza hivyo. Panda."

Hivyo ndivyo zilivyoanza Jumapili zangu. Kila baada ya misa Mzee Odilo aliendesha kwenda kijiji cha Maposeni, alikozikwa mkewe, Mama Skolastika. Tulipita mahindi pande zote mbili, yakiwa machanga, yakiwa marefu kuliko gari, au yamebaki mabua, kutegemea mwezi. Makaburini alipalilia, akasali, nami nilisimama pembeni nikiwa nimevua kofia. Kurudi tulinunua mahindi ya kuchoma. Hatukuongea sana. Mimi sikuwa na mke, wala mtoto, wala mtu wa kunipigia simu Jumapili, na kwa saa tatu kila wiki nilikuwa na pahali pa kukaa: kile kiti cha kushoto.

Nilijitolea kumtengenezea bodi. Alikubali kila kitu isipokuwa kimoja. Kwenye mlango wa abiria, juu pale kioo kinapozama, rangi ilikuwa imeisha kabisa, chuma kitupu kinang'aa kama kijiko, mahali pa ukubwa wa kiwiko cha mkono. Nilipoleta msasa alinishika mkono.

"Hapo usiguse."

"Patashika kutu, mzee."

"Miaka yote hii hapajashika. Ni mkono wake. Alikuwa akiuweka hapo, tukianza safari mpaka tunafika. Mimi napapaka mafuta."

Na kweli, nilipoangalia vizuri, niliona kwamba mwenyewe huwa nauweka mkono wangu mapajani. Sikuwahi kuuweka pale.

Mwaka mmoja niliugua malaria, nikalala chumbani kwangu, mtaa wa Lizaboni, siku nne. Mzee Odilo alikuja na uji kwenye chupa ya chai. Akaniambia nibadilishe shati, nikavuta begi kutoka uvunguni na kutoa shati. Alilitazama lile begi. Nguo zangu zote zilikuwa humo, zimekunjwa, kama za mtu anayeondoka kesho, na hapo nilikuwa na miaka mitatu mjini. Alimimina uji.

Sasa nije kwenye hilo jipya.

Lililetwa na Bwana Yasini, mfanyabiashara wa korosho kutoka Tunduru aliyejenga Songea. Lilikuja juu ya lori, limefunikwa, na watu wa mtaa wa Majengo walilifuata kama wanafuata harusi. Alitaka lioshwe kabla ya Idi, akamwachia Haule funguo, naye akaondoka kwa siku mbili.

Vijana, nisiwadanganye. Lilikuwa zuri. Wanaodhani mtu anayependa vya zamani lazima avichukie vipya hawajawahi kukaa kwenye kile kiti. Umbo lilikuwa lilelile la gari la Mzee Odilo, kama mtoto aliyefanana na babu yake, ila limenyooshwa. Mstari wa kahawia ulikuwepo. Karibu na gia kulikuwa na kibati chenye namba, kikisema hili ni la ngapi katika machache yaliyoundwa. Unawasha kwa kidole na linaitika mara ya kwanza. Breki zake zinakukamata kama mama anavyomkamata mtoto. Kulikuwa hata na kitasa kidogo kwenye dashibodi, kimetengenezwa kufanana na choki ya lile la kale, ile inayovutwa ili injini baridi iwake. Nilikivuta kwa heshima. Ikawaka taa ndogo ya miguuni. Sauti ya injini nayo, Haule aligundua, nusu yake ilikuwa inatoka kwenye spika.

"Singida," alisema, "hili gari linaigiza."

"Lakini linaigiza vizuri, fundi."

"Hilo sikatai."

Kitu kimoja tu kilinisumbua. Rangi haikung'aa. Ilikuwa rangi ya maziwa, lakini imefifia, kama sahani iliyokauka na sabuni. Nikajiambia ni chumvi ya bandarini na jua la safarini. Nikajiambia pia, na hili ndilo lililoniponza, kwamba Bwana Yasini atakaporudi aone Songea kuna fundi. Nikachukua dawa ya kusugulia, nikachomeka mashine, nikaanza katikati ya boneti.

Lilianza kung'aa. Nilifurahi. Nilisugua mpaka pakawa na duara la ukubwa wa sinia, linaonyesha mawingu. Kisha Haule akatoka ofisini.

"Umefanya nini?"

"Nalirudishia rangi yake."

Alifungua droo ya gari, akatoa kitabu, akanitupia. Kimeandikwa Kiingereza. Mimi nimefika kidato cha nne, Kiingereza cha kitabu nakisoma. Ukurasa wa rangi ulisema kwamba gari hili limepakwa rangi isiyong'aa kwa makusudi, na kwamba isisuguliwe kamwe kwa dawa yoyote, kwa kuwa haitarudi. Kitabu kilikuwa pale tangu asubuhi; nilipokaa kwenye kile kiti kilikuwa sentimita chache kutoka kwenye goti langu. Nilijaribu kufifisha lile duara kwa msasa laini wa maji. Likawa baya zaidi. Sasa lilikuwa sinia lililokwaruzwa.

Somo lenyewe mnaliona, sina haja ya kuliandika.

Bwana Yasini aliporudi alisimama mbele ya boneti muda mrefu. "Astaghfirullah," alisema, polepole, kama anayejizuia asiseme lingine. Haule alijitolea kulipa, mimi nikajitolea mshahara wangu, akatupungia mkono tunyamaze.

"Rangi hii nchini haipo. Fedha zenu nizifanyie nini?" Akanigeukia. "Fundi, wewe ndiye unayepanda na Mzee Odilo kila Jumapili?"

"Ndiyo mimi."

"Nimemwomba lile gari mara tatu. Anakataa. Wewe anakusikiliza."

Nikatazama lile sinia kwenye boneti.

"Unajua kwa nini nimenunua hili? Nilikuwa hivi," akaonyesha usawa wa kiuno, "yule mzee akija kupima barabara ya kwetu. Lile gari likipita nalikimbilia mpaka naanguka. Nimetafuta uwezo miaka yote, nikapata, kumbe lenyewe halinunuliki. Ndiyo nikanunua ukumbusho wake. Sasa hata ukumbusho umeuharibu. Zungumza naye, fundi. Hapo tutakuwa tumemalizana."

Hilo ndilo jibu la nusu ya swali lenu. Toleo la maadhimisho hununuliwa na mtu aliyelikimbilia la kwanza akaanguka. Halimdanganyi. Linampa kile kilichobaki. Nilimwelewa Bwana Yasini kuliko nilivyotaka, kwa sababu hata mimi nilikuja Songea nikikimbilia gari.

Nilikwenda nyumbani kwa Mzee Odilo, mtaa wa Mjimwema, Jumatano. Njiani nilipanga kumweleza kila kitu: mashine, sinia, sharti. Nilipoketi nikasema mengine. Nikasema macho yake yanapungua, jambo ambalo lilikuwa kweli. Nikasema vipuri hakuna, na hilo pia lilikuwa kweli. Nikasema, "Mzee, baada yako nani atalitunza? Watoto wako wako mbali. Bwana Yasini ana banda la saruji na kila kitu."

"Yasini amekutuma?"

"Hapana, mzee."

Alitikisa kichwa taratibu. Alikuwa akimenya chungwa, akalimaliza kulimenya lote, kwa utepe mmoja, kabla ya kusema.

"Nilidhani nitakuachia wewe."

Nikatazama lile ganda la chungwa.

"Lakini mwanangu, lile begi lako. Nikawa nasema, mwaka huu atanunua kabati. Mwaka huu atanunua kabati." Akanipa nusu ya chungwa. "Mwambie Yasini aje. Ila pale mlangoni asipaguse."

Nililila lile chungwa. Mpaka leo sijui kwa nini sikusema hapohapo: mzee, usiuze, kesho nanunua kabati. Maduka ya fanicha yalikuwa mtaa wa pili. Maneno yenyewe ni machache kiasi hicho.

Bwana Yasini alikuja, akaahidi mbele yangu kwamba hapataguswa, akaondoka nalo. Tukaliweka bandani kwake karibu na lile jipya, na hapo mngeniuliza lipi zuri ningewaambia nipeni kiti kwanza. Jipya lilikuwa limelala chini kama linajua linatazamwa. La zamani lilikuwa limeinama kidogo upande wa dereva, kwa uzito wa miaka ya mtu mmoja. Wageni walipiga picha na jipya. Kisha, bila kujua, waliegemea la zamani huku wakiongea.

Yakabaki bandani, yamefunikwa. Hakuna aliyeyaendesha. Jumapili zangu nikawa nafua nguo, nazikausha, nazikunja, nazirudisha begini.

Miezi michache baadaye binti wa Bwana Yasini akawa anaolewa. Akataka magari yote mawili yaongozane, yakionekana mapya yote. Lile la zamani lipakwe upya lote.

"Uliahidi, Bwana Yasini."

"Niliahidi, na Mungu anisamehe. Lakini chuma kinaonekana, fundi. Mbele ya wakwe! Watasema nimemwozesha kwa gari la kuazima."

Ningekataa, angempa fundi mwingine, naye angepiga msasa kuanzia mlango huohuo. Kwa hiyo nilikubali. Haule alijua ninachofanya, akatoka nje, eti akanunue sigara, na Haule havuti sigara. Nilichukua utepe wa karatasi, nikauzungusha pale kwenye mlango polepole, nikifuata ukingo wa alama ya mkono, milimita kwa milimita. Kazi hiyo ilinichukua muda kuliko gari zima. Nikamwagia sakafu maji, nikapuliza. Kifua kilinibana siku ile kuliko siku nyingine zote, nikajua kwamba hili ni gari langu la mwisho. Rangi ilipokauka nikabandua utepe. Mkono ulikuwepo, na mng'ao wake.

Bwana Yasini alilizunguka, akafurahi, kisha akasimama.

"Hapa umesahau."

"Sijasahau."

Alipatazama. Kisha akageuka akalitazama lile sinia kwenye boneti la jipya, ambalo lilikuwa linafunikwa na maua ya harusi. "Haya," alisema. "Kila moja na doa lake." Na bila mimi kumwomba akanirushia funguo za la zamani. "Litoe likanyooshe miguu. Usilipeleke mbali."

Ilikuwa Jumapili. Nililipeleka Maposeni.

Nilikuwa sijawahi kuliendesha kabla ya hapo. Miaka sita nilikuwa abiria. Nilikaa kulia, kiti cha kushoto kitupu, na kila nilipobadilisha gia nilijikuta nataka kumwambia mtu kitu. Kwenye mlima wa mwisho lilizimika. Niliwasha, likakohoa. Niliwasha tena, likanyamaza. Nililisukuma pembeni kwenye mabua ya mahindi na kupanda kwa miguu.

Mzee Odilo alikuwa anapalilia. Alikuwa amekuja kwa bodaboda. Suti yake ilikuwa na vumbi jekundu mpaka magotini.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Limekuzimikia mlimani?"

"Umejuaje?"

"Nimelisikia likija, kisha sijalisikia." Aliendelea na jembe. "Vuta choki nusu. Hesabu mpaka ishirini, bila haraka. Halafu washa, na usilipe mafuta kwa hasira."

"Mzee, njoo ulione. Nimelipaka. Mkono nimeuacha, haujaguswa."

"Vizuri."

Hakusimamisha jembe. Nilingoja. Kisha nikasema kile nilichokibeba miezi yote ile. "Siku ile Yasini alinituma. Nilikuwa nimemharibia gari."

"Nilijua. Siku ile ulipiga hodi mara tatu ukasubiri nje kama karani wa sensa. Kwangu ulikuwa unaingia ukinisalimia kutokea jikoni."

"Sasa kwa nini ulikubali?"

Hapo ndipo alipoinuka, akashika kiuno. "Kwa sababu ulikuwa umeshaniaga, mwanangu. Ulikuwa hujui tu."

Tulisali pamoja. Nilimwomba nimrudishe mjini, akasema bodaboda wake ameshamlipa kwenda na kurudi, na kijana atasubiri bure. Sikumlazimisha. Nilishuka mlima, nikavuta choki nusu, nikahesabu mpaka ishirini. Liliwaka mara moja. Ile ya jipya ingewasha taa.

Kwa hiyo mnauliza lipi bora. Jipya ni bora, vijana. Linunueni mkipata. Mkipata la zamani, msiulize bei, ulizeni kwanza nani alikuwa anakaa kushoto. Na kama mwenye nalo anawatazama mkila chungwa, nendeni mkanunue kabati.

Siku niliyoondoka nilimwachia Haule bunduki ya rangi, ndani ya taulo lilelile. Alisema, "Utarudi, Singida," nami nikasema ndiyo, na wote wawili tukatazama chini. Begi halikunichukua hata dakika tano. Nilipata kiti cha dirishani. Asubuhi ilikuwa na baridi, lakini nilifungua kioo na kuweka mkono pale kinapozama, kiwiko nje, ili nione mtu husikia nini akikaa hivyo kutoka mwanzo wa safari mpaka mwisho.

Kondakta, kijana, alipita akikagua tiketi.

"Ingiza mkono, mzee," alisema. "Tunaondoka."

Nikauingiza.